Mpiga Mbiu Amepotelewa na Binti

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu wazima walimwita Mzee Sikilizeni, watoto walimwita Sikilizeni tu bila hata huo uzee, kwa kuwa kila tangazo lake lilianza hivyo: "Sikilizeni, sikilizeni, wananchi, sikilizeni!" Alikuwa mpiga mbiu. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile yenye sanduku la mizigo mbele, na ndani ya sanduku kulikuwa na betri ya gari, mashine ya kukuza sauti iliyofungwa kwa mipira ya tairi, na juu yake kipaza sauti chenye mdomo mpana kama beseni. Msiba ukitokea, yeye. Maji yakikatwa, yeye. Mbuzi akikata kamba akapotelea mitaa ya chini, mwenye mbuzi alimfuata yeye kabla hata ya kumwambia mkewe.

Mwenyewe alikuwa kijitu kidogo, shingo nyembamba, suruali imeshikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu ya ziada. Lakini sauti yake, Mungu ampe nini tena! Ilikuwa nzito na yenye utulivu, sauti ya mtu asiyeogopa chochote chini ya jua. Hapo ndipo Mungu alipofanya mzaha, maana yule bwana alikuwa mwoga. Nalisema mapema lisije likaonekana siri. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa barua zenye muhuri, na zaidi ya vyote aliogopa mtu yeyote aliyevaa sare. Askari wa kuongoza magari akipuliza filimbi, hata kama anampigia mwingine barabara ya pili, Mzee Sikilizeni alishuka kwenye baiskeli na kuomba radhi. Ukimcheka alikujibu kwa methali: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Aliisema mara nyingi hivi kwamba akianza tu, mkewe alimmalizia.

Katika kazi zake zote, aliyoijua kuliko zote ni ya mtoto aliyepotea. Alimweka mzazi atembee nyuma ya baiskeli, akapita mtaa kwa mtaa taratibu, akimweleza mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni: nywele, nguo, viatu, kovu kama lipo, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kisha alifunga kwa maneno yale yale, miaka nenda miaka rudi: "Atakayemwona, tafadhali amfikishe kituo cha polisi kilicho karibu." Maneno hayo yalikuwa yamemkaa mdomoni kama meno. Hakuyafikiria tena, yalitoka yenyewe.

Sasa, zahanati ya mtaa ule ilikuwa na wodi ya wazazi. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na vitanda, taa, na wauguzi wanaojua kazi, mmoja wao akiwa binti pekee wa Mzee Sikilizeni. Siku moja halmashauri ikaifunga, ikasema ni ukarabati. Ukuta ukajengwa kuizunguka. Haukupita muda, nyuma ya ukuta yakaanza kuingia magari ya tajiri mmoja mwenye mahoteli, na wajawazito wakawa wanapelekwa hospitali ya mbali kwa mikokoteni na kwa dua. Yule binti alipanda mkokoteni mmoja kama huo na mama mmoja mwenye uchungu. Mama hakufika. Alikata roho njiani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa muuguzi, na mtoto hakulia.

Kesho yake binti alichukua mkeka wa nyumbani, ule wenye kiraka chekundu alichoshona mama yake, akaenda kukaa mbele ya geti la halmashauri akiwa na sare yake nyeupe. Alikaa tu. Hakupiga kelele wala kurusha jiwe. Kesho yake tena. Wakaja wauguzi wenzake, wakaja akina mama na vichanga, akaja kijana wa fundi viatu, jirani yao, aliyekuwa kaka wa yule mama aliyefia njiani. Gari la mkubwa likipiga honi walisogea, likipita walirudi. Kukaa huko kuliwakera wakubwa kuliko mawe, kwa sababu jiwe lina dawa yake.

Mchana mmoja binti alimjia baba yake, akamkuta anamimina maji ya betri.

"Baba, tupitishie tangazo mitaa ya chini. Waambie tu watu waje na mikeka."

Mzee aliweka kopo chini, akatazama mlangoni kwanza, kisha dirishani.

"Mwanangu, mdomo wangu huu ni wa kukodishwa. Natangaza misiba, natangaza mbuzi. Siasa haimo."

"Siyo siasa, Baba. Ni wodi ya wazazi. Wewe hukuzaliwa?"

"Nilizaliwa, na ningependa nife kwa utaratibu," alisema, akarudi kwenye betri yake. Binti alicheka, ila kicheko hakikumfika machoni.

Halmashauri haikuchelewa kumwita. Karani alimpa karatasi, akamwambia aizungushe mji mzima: mikusanyiko yote ni marufuku, atakayekaidi atakiona cha mtema kuni. Angeweza kusema ni mgonjwa. Angeweza kusema betri imekufa. Lakini karani alikuwa amevaa tai, na Mzee Sikilizeni hakuwahi kumkatalia mtu mwenye tai. Akazunguka. Na njia ya kuzunguka mji ilipita mbele ya geti. Alipofika pale alikaza macho kwenye gurudumu la mbele, akawa anasoma "marufuku, marufuku" kwa ile sauti yake nzuri. Binti yake aliinuka, akavuta mkeka kando kidogo ili baiskeli ya baba ipite, akakaa tena. Afadhali angemtukana.

Jioni mezani binti alimwambia, "Baba, leo sauti yako ilikuwa tamu kama kawaida. Ila pale kwenye 'marufuku' ilitetemeka."

"Ni betri," alisema mzee.

"Betri!" mkewe akarukia. "Miaka yote hii kumbe naishi na betri." Wakacheka wote watatu, na huo ndio ukawa mlo wao wa mwisho pamoja kabla ya balaa.

Walimchukua binti siku ya pili yake, jua la utosi, mbele ya watu. Habari ililetwa na muuza mboga, ambaye alikimbia hadi nyumbani kwao akiacha meza yake bila mtu. Alisema ni gari lisilo na namba, wanaume wasio na sare. Walimvuta binti kwenye foleni ya bomba, wakamtupa ndani kama gunia, yeye na mkeka wake. Kisha wakapita kwa fundi viatu wakamchukua kijana wake, na nyumba nyingine, na nyingine. Mzee Sikilizeni alisikiliza yote hayo amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. Jambo la kwanza alilofikiria, na hili alilisema mwenyewe baadaye kwa aibu, halikuwa binti. Lilikuwa: na mimi watanijia?

Ila uchungu wa mwana aujua mzazi, hata mzazi mwoga. Alivaa shati safi, akaenda kituoni, mkewe akimsubiri ng'ambo ya barabara. Kaunta ilikuwa ndefu na imepakwa rangi ya bluu hadi nusu. Askari aliyekuwa upande wa pili alikuwa akila karanga.

"Afande, shikamoo," alisema mzee, ingawa askari yule angeweza kuwa mwanawe. Akataja jina la binti.

"Hatuna mtu huyo." Askari akamtazama vizuri, akatabasamu. "Kwani si wewe Sikilizeni? Ulitangaza msiba wa shangazi yangu, watu wakajaa mpaka barabarani. Una kipaji, mzee. Nenda nyumbani. Mabinti wa siku hizi hutoroka na wanaume, wakichoka wanarudi."

Na wakati huo huo Mzee Sikilizeni akauona. Pale pembeni, nyuma ya kaunta, karibu na ufagio, umesimamishwa ukutani mkeka umekunjwa, na kwenye mkunjo kiraka chekundu. Alifungua kinywa. Kikatoka kitu alichozoea kumwambia kila mwenye sare.

"Asante, afande."

Akatoka nje. Mkewe akamwona anavuka barabara bila kutazama magari, akamdaka mkono.

"Yumo?"

"Yumo."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia asante," alisema, na hapo hapo barabarani akaanza kulia.

Kwa siku kadhaa hakutoka ndani. Gari likipunguza mwendo nje, alizima redio. Mtu akibisha hodi, alienda chooni. Misiba ilitokea mtaani ikatangazwa kwa mdomo mtupu. Fundi viatu alikuja mara moja, akakaa kwenye kigoda, kofia mkononi. Na yeye alikuwa ameambiwa hawana mtu huyo, na kwamba kijana wake labda kaenda mjini kutafuta kazi.

"Kwenda mjini bila viatu?" aliuliza fundi viatu. "Viatu vyake ninavyo mimi, nilikuwa navitia soli." Kisha akaaga akaenda.

Mkewe Mzee Sikilizeni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo yalikuwa na makali. Asubuhi moja alimwekea chai, akasimama mbele yake.

"Mtoto wa muuza samaki alipopotea, ulikanyaga baiskeli na homa yako. Mtoto wa yule mlevi, ambaye hata babaye hakujua kapotea, ulimtafuta wewe. Wa kwako ndiye hana tangazo?"

"Mama watoto, watanikata ulimi."

"Ulimi wenyewe unautumia kunywea chai."

"Nikipotea na mimi, utabaki na nani?"

"Kwani sasa hivi niko na nani?" alisema, akatoka nje.

Mzee akasikia mnyororo wa baiskeli ukifunguliwa. Akasikia kifuniko cha sanduku. Kisha ukaja mlio, mlio mbaya, wa maiki iliyoshikwa karibu mno na kipaza sauti na mtu asiyejua, mlio unaopasua masikio na kuunguza mashine. Mzee Sikilizeni akaruka kutoka kitandani.

"Usiishike hivyo! Utaniunguzia mashine! Geuza huko mbele!"

Sitamdanganya mtu kwamba alisimama kwa ushujaa. Alisimama kwa sababu hakuvumilia kuona vifaa vyake vikiharibiwa. Lakini alipofika nje na kuichukua maiki mkononi, alimwona mkewe amekwishakwenda kusimama nyuma ya baiskeli, mahali pa mzazi, khanga kaifunga kiunoni, anamsubiri. Basi akapanda.

"Sikilizeni, sikilizeni, wananchi, sikilizeni. Amepotea msichana." Akataja jina. "Ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Amevaa sare nyeupe na viatu vyeupe. Nywele amesuka mistari. Ana kovu dogo kidevuni, alilipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli hii hii. Mara ya mwisho alionekana kwenye bomba la maji, anaingizwa kwenye gari lisilo na namba. Wazazi wake hawalali."

Jasho jembamba lilikuwa linamtiririka mgongoni, lakini sauti, ah, ile sauti haikujua habari za mgongo. Ilipita juu ya mapaa na kuingia madirishani. Milango ikafunguka. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, mteja wake akimfuata na nusu ya kichwa. Akina mama wengi waliotoka walikuwa wamezalishwa na msichana yule, na vitoto vyao viko mgongoni. Hakuna aliyemcheka.

Mpango wake ulikuwa huu: apite mtaa wa juu, apite mtaa wa sokoni, akifika kona ya kabla ya kituo ageuze arudi nyumbani. Atakuwa ametimiza, mkewe atanyamaza, na serikali haitakuwa na la kusema, maana kibali chake kinamruhusu kutangaza waliopotea. Alipoifikia kona akageuka nyuma ili apate nafasi ya kugeuza. Barabara nzima ilikuwa watu. Walikuwa wakimfuata kimya kimya, fundi viatu akiwa mbele sambamba na mke wa mzee mwenyewe, na nyuma yao vichwa hadi usipoona mwisho. Mkusanyiko! Yeye, aliyetangaza marufuku kwa kinywa chake!

"Jamani, rudini, mtaniponza!" alisema, akasahau kwamba maiki iko wazi. Maneno hayo yakavuma mji mzima.

Hakuna aliyerudi. Na baiskeli ya magurudumu matatu, yeyote aliyewahi kuiendesha anajua, haigeuki penye watu. Inataka barabara nzima. Ikabidi aende mbele, kwa kuwa nyuma hapakuwepo tena, na mbele palikuwa kituo cha polisi.

Akasimama getini. Askari walitoka, mmoja na ganda la karanga bado limenata mdomoni, wakasimama kwenye ngazi. Mzee Sikilizeni aliwatazama askari, askari wakamtazama yeye, na akili yake ikawa nyeupe pe. Kichwa kilipokosa la kusema, mdomo ulifanya kazi uliyoizoea. Ulianza tangazo upya, kuanzia mwanzo: sare nyeupe, viatu vyeupe, kovu la kidevuni, bomba la maji. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukafunga kama unavyofunga siku zote:

"Atakayemwona, tafadhali amfikishe kituo cha polisi kilicho karibu."

Mwanamke mmoja akapasuka kicheko, mkono mdomoni. Akafuata kinyozi. Kikaenea hadi nyuma kabisa, watu wakacheka hadi machozi, wengine machozi yenyewe yakageuka ya kweli, na hata yule askari wa karanga alilazimika kugeukia ukutani. Mzee Sikilizeni peke yake hakucheka. Alikuwa amegundua alichokisema, na miguu ilikuwa inamtetemeka hadi pedali zikawa zinalia.

Fundi viatu akavua kofia. Alipita katikati ya askari, akapanda ngazi, akasimama kaunta kama mteja.

"Tumetangaziwa kwamba waliopotea wanaletwa hapa," alisema kwa adabu. "Wangu ameletwa?"

Nyuma yake akapanga mama mmoja. Nyuma ya mama huyo, mwingine. Wote walikuja na swali hilo hilo, bila kupaza sauti, foleni ikashuka ngazi ikafika getini.

Mkuu wa kituo aliagiza mpiga mbiu aletwe ofisini. Ilikuwa ofisi yenye feni isiyozunguka na kiti kimoja, cha mkuu.

"Nani amekutuma?"

"Mke wangu, afande."

"Unanikejeli?"

"Wallahi sikukejeli, mkuu! Ni mazoea. Hata mbuzi huwa nasema hivyo hivyo. Ulizeni mtu yeyote. Nisamehe, nina shinikizo la damu." Alikuwa anatetemeka wazi wazi, na mkuu, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwatazama waongo, aliona huyu si mwongo. Jambo hilo halikumfurahisha. Angekuwa mchochezi, mkuu angejua la kumfanya. Kwa mwoga aliyeleta mji mzima getini kwa bahati mbaya, hakuna mafunzo.

Alikwenda dirishani, akatazama nje muda mrefu. Kisha akampa ishara askari, na baada ya kitambo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Binti aliingia na kiatu kimoja. Mdomo ulikuwa umepasuka na kukauka, mkono wa kushoto ameubana kifuani. Alipomwona baba yake hakulia. Yeye ndiye aliyemshika baba asianguke.

"Sikiliza vizuri," alisema mkuu. "Utatoka naye. Utatangaza kwamba amepatikana, kwamba polisi wamemwokota barabarani amechanganyikiwa wakamsaidia, na kwamba humu ndani hakuna mwingine. Watu watakwenda kwao. Ukikosea neno moja mtarudi wote wawili, na safari hiyo nani atawatangazia?"

"Ndiyo, afande. Asante, afande."

Katika ukumbi wa kutokea, askari akiwa hatua chache mbele, binti alimwegemea baba yake sikioni. "Baba, tuko wengi. Chumba cha mwisho. Kijana wa fundi viatu hawezi kusimama, anatapika damu. Asipopata daktari leo sidhani." Mzee alimbana ule mkono usioumia, wakatoka kwenye mwanga.

Watu walipomwona msichana walipiga vigelegele. Mama yake alimpokea chini ya ngazi, akamfunika khanga, akawa anamgusa uso, mabega, uso tena. Basi, angeweza kuishia hapo. Kilichobaki kilikuwa sentensi kadhaa tu, na mzee huyu sentensi ndiyo kazi yake. Wamfikishe mtoto nyumbani, wampashie maji, wafunge mlango. Mlango ule uliofungwa alikuwa anautamani hadi mifupani.

Akachukua maiki. Mkuu wa kituo alisimama ngazini, mikono nyuma. Mzee Sikilizeni akawatazama watu, na jicho likamwangukia fundi viatu, ambaye bado yuko kwenye foleni na kofia mkononi. Fundi viatu aliona anavyosita. Akamwinamishia kichwa taratibu.

"Tangaza tu, jirani," alisema. "Mchukue mtoto wako nyumbani."

Fundi viatu angemwomba, labda mzee angemkatalia. Angemlaani, mzee angepata hasira ya kumsaidia kukataa. Lakini alimruhusu, na ruhusa ile ndiyo iliyomshinda.

"Sikilizeni," alisema, mara moja tu. "Msichana aliyepotea amepatikana." Akameza mate, yakasikika kwenye kipaza sauti. Katika kazi yao, aliyepatikana lazima useme amepatikana wapi: kwa shangazi, bandani, chini ya meza ya sokoni. Ukiacha wapi, tangazo halijakamilika, na mzee huyu hakuwahi kuacha tangazo nusu. "Amepatikana hapa. Alikuwa humu ndani ya kituo, tangu siku ile. Wenzake wamo, chumba cha mwisho. Kijana wa fundi viatu yumo. Ni mgonjwa, hawezi kusimama. Anataka daktari, sasa hivi."

Hapa watu husimulia mengi, na kila mwaka wanaongeza. Wanasema mzee aliweka maiki chini kwa utulivu, akamtazama mkuu wa kituo machoni, na kwa hiari yake, kama mfalme, akakaa chini mbele ya geti la polisi. Wanasema ndivyo kukaa kulivyohama kutoka halmashauri kuja kituoni, na ndivyo kulivyoenea miji mingine. Sehemu ya mwisho ni kweli. Mji mzima ulimwona amekaa, na fundi viatu akakaa. Kinyozi akakaa. Wale akina mama wakawashusha watoto migongoni wakakaa, safu kwa safu, hadi kule sokoni ambako hawakuona chochote ila wenzao wakishuka. Mkuu wa kituo alifungua kinywa, akawatazama askari wake, akakuta yule wa karanga anatazama viatu vyake mwenyewe. Akafunga kinywa. Akaingia ndani, na baada ya muda wakamsikia anapiga kelele kwenye simu, akitaka gari la wagonjwa.

Lakini kwanza, watu wakiwa ndiyo kwanza wanakaa, binti alijikokota hadi pale alipokuwa baba yake, mavumbini kando ya gurudumu, akakaa ubavuni mwake, akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi kama wa mgonjwa.

"Baba," alisema, na sasa ndipo alipokuwa analia, "umekaa."

"Sijakaa, mwanangu," alinong'ona Mzee Sikilizeni. "Nimeanguka. Magoti yamekataa."

Binti alitazama nyuma, akaona ile barabara yote inakaa.

"Basi usiinuke," alisema.